Spika ya Kumpelekea Kaka

Nilimwambia muuza spika wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwamba nataka spika mbaya. Alikuwa mtu wa makamo mwenye asili ya pwani, kofia yake safi, duka lake limejaa redio mpaka mlangoni, na nadhani tangu aanze biashara hiyo hakuna mteja aliyewahi kumwomba hivyo. Aliniangalia kama anayetaka kujua nimeamkaje.

"Mbaya kivipi, mama?"

"Mbaya ndani. Nje ipendeze."

Akacheka mpaka akashika meza. Akasema za hivyo ndizo zilizojaa mjini, nikae nichague tu. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira niliyoilea miezi kadhaa na sikuwa tayari kuipoteza kwa mzaha wa dukani. Nikamwomba kigoda, nikakaa, nikaanza kuzishika moja moja.

Spika hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa ya kumpelekea kaka yangu bila yeye kujua, na ili nieleweke, sina budi kuanza na baba.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi Mgololo mpaka alipostaafu, na hata baada ya hapo mikono yake haikujua kutulia. Sabufa ya nyumbani aliitengeneza mwenyewe. Kasha lilikuwa la mbao za paini, dogo, la kukaa chini ya meza, na ndani aliweka spika ya inchi nane aliyoitoa kwenye redio kubwa iliyotupwa na jirani. Koni ya spika hiyo, yaani ile karatasi nyeusi inayocheza mbele, ilikuwa imechanika. Baba akakata kipande cha karatasi ya kaki, ile ngumu ya mifuko ya saruji, akazimua gundi ya mbao kwa maji, akakibandika kwa ncha ya kidole. Kaka yangu na mimi tulikaa mkekani tukimwangalia. Alituruhusu kupuliza gundi ikauke, na tulipuliza kwa zamu, tukigombana nani amepuliza zaidi. Tangu siku hiyo spika ikawa na kiraka cha kahawia pembeni, umbo la jani la mparachichi, na besi yake ilikuwa nzito na laini. Ilisikika kifuani kabla ya masikioni. Kwaya ya Jumapili asubuhi ikipigwa pale, mama aliacha kuosha vyombo.

Baba alipofariki, ukoo ukakaa siku ya kuanua msiba kugawa vitu. Kaka ndiye mkubwa. Alipewa shamba la miti, randa na misumeno yote, baiskeli, na koti la baba la kuendea kanisani. Hakuna aliyebisha, nami sikubisha. Kisha baba mdogo akasimama, akasema marehemu aliacha neno kwamba redio na sabufa ni za binti yake. Watu wakanung'unika. Mzee mmoja akauliza mtoto wa kike aliyeolewa Mbeya ana shida gani na redio ya marehemu, kwani kwa mumewe hakuna redio? Kaka alikuwa anaangalia kasha. Lakini neno la marehemu ni neno la marehemu, kwa hiyo nikaondoka na kasha, nimelipakata njia nzima hadi Mbeya.

Miaka ikapita. Mwaka juzi kaka akafungua grosari Mafinga, kando ya barabara kuu, mahali madereva wa malori ya mbao wanapopumzika na kunywa. Alinunua sabufa ya dukani, akaiunguza spika kabla hata wateja hawajamzoea, kwa sababu kaka anaamini kitufe cha sauti kiliwekwa ili kizungushwe mpaka kigome. Akaja kwangu kuazima ya baba kwa ajili ya sikukuu za Krismasi na mwaka mpya. Kwetu kaka mkubwa hanyimwi kitu. Ndiye aliyepokea mahari yangu, ndiye atakayesimama wanangu wakioa na kuolewa. Nikampa, na kitambaa cha kuifunikia juu.

Ilirudi Februari. Aliileta mwenyewe, kitambaa cha mbele kimepigiliwa pini mpya zinazong'aa. Nilipoiwasha ikatoa sauti ya mtu anayekwangua ukoko wa ugali. Kaka alikuwa amekaa kwenye kochi langu, chai yangu mkononi, maandazi yangu mdomoni. Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa.

"Vitu vya zamani, dada yangu. Vinachoka."

Alipoondoka nikachukua bisibisi. Nilitoa pini, nikavuta kitambaa, na hata kabla sijafungua skrubu ya kwanza nikajua. Hapakuwa na kiraka. Palikuwa na koni ya plastiki, nyeusi tii, inayonuka kuungua. Kaka alikuwa ametoa spika ya baba, akaniwekea maiti ya spika yake, akapigilia pini na kuja kunywa chai. Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira.

Mtu ataniuliza kwa nini sikupiga simu na kumwambia mwizi mkubwa wewe. Kwa sababu nawajua watu wangu. Ningesema, kikao kingeitwa. Wazee wangekaa, wangekunywa, wangenitazama, na yule yule wa siku ya msiba angeuliza mtoto wa kiume anaibaje kitu cha baba yake. Mjadala uliofungwa ungefunguliwa upya, na huenda hata kasha lingeondoka. Kaka aliyajua hayo kabla hajashika bisibisi. Aliniibia akijua nitanyamaza, na hilo ndilo lililoniuma kuliko wizi wenyewe. Basi nikanyamaza. Kasha likakaa chini ya meza, bubu, na kila nilipofagia nilinung'unika.

Mwezi wa sita nilisafiri kwenda Iringa harusini, nikashuka Mafinga kumsalimia, maana kupita bila kusalimia kungeleta maneno. Sijafika hata mlangoni nikaisikia. Mtu aliyekua na sauti fulani hahitaji kuiona. Kaka akanipokea kwa furaha, "Kamwene, dada," akaniletea soda, akanivutia kiti cha kivulini. Baba yangu alikuwa anawaimbia walevi. Kila wimbo ulipoisha kaka aliipigapiga ile sabufa yake ya dukani mgongoni kama mtu anayempongeza ng'ombe, na madereva wakaisifu, naye akakubali sifa zote. Nilikunywa soda yangu mpaka mwisho. Wakati naaga akanikumbusha kwamba binti yake atapata kipaimara mwezi wa kumi.

Alisema, "Wewe ndiye shangazi. Bila wewe hakuna sherehe."

Ni kweli. Kwa desturi ya nyumba yetu, siku ya kipaimara shangazi haendi ibadani. Anabaki nyumbani, funguo zote ziko kwake, anasimamia chakula, anapokea wageni wanaotangulia, anaandaa nguo za mtoto za kubadilisha. Nyumba inakuwa yake mpaka watu watoke kanisani. Kaka mwenyewe ndiye aliyenikumbusha, tena akitabasamu. Nilifika harusini Iringa nimechangamka hivi kwamba watu waliniuliza nimepata nini.

Ndiyo maana nilikuwa Mwanjelwa, kwenye kigoda, na ile spika iliyoungua ya kaka mapajani kama kipimo. Ningeweza kumrudishia hiyo hiyo, lakini ingekwangua mara tu ikiwashwa, naye angegundua asubuhi na kutafuta nyingine kwa jirani. Nilitaka kitu kitakachoimba vizuri sauti ikiwa chini, kimpe moyo, kisha kimwangushe mbele za watu atakapozungusha kitufe kwa mkono wake mwenyewe. Upana uwe inchi nane, matundu ya skrubu yalingane, nguvu ya umeme iendane. Na lazima iwe nzito. Kwetu kila mtu hununua spika kwa uzito. Wanaigeuza, wanaipima mkononi kama kuku, wakiona mkono unashuka wanasema hii ndiyo yenyewe. Kaka ni wa kwanza kwa hilo. Angeibeba sabufa kuitoa nje siku ya sherehe, na spika nyepesi ingemshtua.

Baba alitufundisha kuchagua kwa njia nyingine. Alisema kasha dogo lina hewa kidogo, na hewa kidogo ni ngumu, inairudisha koni kila inapotaka kwenda. Kwa hiyo kasha dogo linataka spika yenye raba laini pembeni, inayokwenda mbali na kurudi bila kusuguana, na sumaku ya kweli nyuma ya kuishikilia. Ukiweka spika yenye ukingo mgumu kwenye kasha dogo utapata mlio wa ndoo tupu. Alitushikisha vidole, akatuonyesha namna ya kuibonyeza koni kwa vidole vilivyotawanywa, sawasawa pande zote, huku sikio liko karibu. Mafundisho hayo yote nilikuwa nimeyakumbuka vizuri. Nilikuwa nayatumia kwa kuyageuza.

Ya kwanza niliyobonyeza ilikwaruza papo hapo, nikairudisha. Mbaya mno. Ya pili muuzaji aliitoa kwenye sanduku chini ya meza, akaifuta vumbi kwa kiganja. Ilikuwa imetoka kwenye gari bovu, koni ya karatasi, raba laini kama sikio la mtoto, sumaku halisi. Niliibonyeza ikashuka na kupanda bila sauti yoyote. Aligusisha waya zake kwenye betri ndogo, koni ikaruka mbele na kutulia. Akaniambia kama nina kasha dogo nyumbani, nisitafute zaidi.

Nilikuwa nalo, na alisema kweli. Spika ile ingelifaa kasha la baba, na ningeweza kwenda nayo nyumbani, nikaifunga, nikapika, nikasahau. Niliishika muda mrefu kuliko zote. Naamini baba angeichukua. Lakini nilipoitazama ile koni nzima, nyeusi, isiyo na kiraka, nikaiona inanikera, kana kwamba ni kosa lake. Nikamrudishia. Nilimwambia nimemwomba mbaya, yeye ananiletea nzuri.

Ya tatu ndiyo niliyokuwa naitafuta. Ilikuwa na maandishi ya dhahabu katikati, wati mia nane, uongo mtupu, na nyuma sumaku nene iliyovishwa raba nyeusi. Ilikuwa nzito kweli. Nikaibandua raba kwa ukucha. Ndani sumaku yenyewe ilikuwa nyembamba kama biskuti, na unene uliobaki ulikuwa duara la chuma tu lililogundishwa kuongeza uzito. Ukingo wake ulikuwa wa kitambaa kigumu. Nilibonyeza kidogo, kimya. Nilibonyeza sana, ikasugua. Nikamwambia muuzaji anifungie. Alipokuwa anaifunga aliniuliza huyo mtu alinifanya nini, nikasema ni ndugu yangu, akaacha kuuliza.

Nyumbani niliijaribu kwenye kasha la baba. Niliona kinyaa kuiweka mle, lakini lazima kujua. Sauti ikiwa chini iliimba kwa adabu. Nikapandisha mpaka pale mkono wa kaka unapopendaga kufika, na ikapiga kelele ya mbuzi aliyekabwa. Nikazima. Sijawahi kufurahia kelele mbaya namna ile.

Siku moja kabla ya kipaimara nilifika Mafinga na parachichi, kitenge cha zawadi, na ndoo ya mchele wa Kyela yenye kifuniko. Spika ilikuwa chini ya mchele. Wifi yangu, ambaye sina ugomvi naye, alinikabidhi funguo na kunionyesha kila kitu kilipo. Sabufa ilikuwa imeshaletwa kutoka grosari, imewekwa kona ya sebule.

Asubuhi wote wakaenda usharikani. Wanawake wa jirani walikuwa uani na masufuria. Nikawaambia nakwenda kupiga pasi gauni la pili la mtoto, nikafunga mlango wa sebule, nikawasha pasi kweli ili harufu yake itoke. Nikavuta wavu wa mbele. Kiraka kilikuwepo. Nilikigusa, kisha nikajikaripia maana muda haukuwepo. Nikafungua skrubu, nikachomoa waya mbili, nikatoa spika ya baba, nikaweka ile ya dhahabu, nikachomeka waya inavyotakiwa, nyekundu kwa nyekundu. Nilitaka iimbe kwanza. Nikarudisha wavu. Spika ya baba niliiviringisha kwenye kanga yangu, nikaitia kwenye ndoo ambayo mchele wake nilikuwa nimeshaupeleka jikoni, nikabana kifuniko. Gauni nilipiga pasi pia.

Wageni walipotoka kanisani na kukaa chini ya turubai, kaka aliibeba sabufa mwenyewe kifuani. Nikamwona anasita mlangoni, anaupima uzito kwa kuinua mikono kidogo, kisha akaridhika. Ikaanza kupiga sauti ya chini, tamu kabisa. Wazee walikuwa meza ya mbele, na baba mdogo katikati yao. Mshereheshaji akatangaza kwamba mtoto anaingia, watu wote wasimame, na mwenye nyumba atupe besi. Kaka, ndani ya koti la baba, akazungusha kitufe mpaka kikagoma.

Mbuzi akalia. Watu wakashtuka, halafu wakacheka, halafu mshereheshaji akasema besi ya mwenye nyumba imekula pilau moto, wakacheka zaidi. Mtoto alisimama kwenye lango na maua yake hajui aingie au asubiri. Nilipiga kigelegele kirefu, wanawake wa uani wakanipokea, tukaanza wimbo wa mdomo na makofi, naye akaingia akitabasamu. Kwake sikuwa na kisasi chochote.

Kaka alikuwa amepiga magoti mbele ya kasha. Alivuta wavu. Yale maandishi ya dhahabu yakamtazama. Alikaa hivyo kidogo, mgongo kwa watu, kisha akageuza kichwa na kunitafuta. Nilikuwa nimesimama karibu yake, sahani mkononi. Niliona maneno yote yakimpanda usoni na kurudi. Kusema kwamba kuna mtu amebadilisha spika kungemlazimu aseme spika ilikuwa ipi na aliipata wapi, na baba mdogo alikuwa amekaa pale pale, anasikia. Alikuwa amefungiwa ndani ya kimya kile kile alichonifungia mimi. Nikainama kama dada mwema anayekuja kusaidia, nikaweka mkono begani kwake.

"Vitu vya zamani, kaka," nikasema. "Vinachoka."

Baba mdogo aliuliza kuna nini hapo. Kaka akajibu kwamba spika imechoka tu, mzee. Akaizima. Chakula kikagawiwa, nami nilikula vizuri kuliko siku yoyote mwaka ule.

Nilipofika Mbeya sikupumzika. Nilifungua kasha, nikaiweka spika ya baba mezani karibu na dirisha niitazame vizuri. Hapo ndipo nikaona kiraka cha pili, kilichonipita nilipokuwa naharakisha Mafinga. Kilikuwa kando ya kile cha zamani, kimeupanda ukingo wake, karatasi ya kaki, gundi ya mbao iliyozimuliwa, pembe zimeviringwa kwa mkasi ili zisiinuke. Koni ilikuwa imechanika tena kule grosari, na kaka hakuitupa. Alikuwa amekaa mahali, na gundi, na ncha ya kidole, akafanya kama tulivyoona mkekani. Labda alipuliza.

Nilikasirika upya. Ningependa aiibe kama mwizi, aitumie kama mwizi, nimchukie bila kazi. Sasa mkono wake ulikuwa pale, juu ya mkono wa baba, na nikijaribu kuubandua, wa baba ungetoka pamoja nao. Nilishika wembe, nikaweka wembe chini. Nikaifunga spika na viraka vyake vyote viwili.

Wiki iliyofuata, Jumapili, kaka akapiga simu. Hakusalimia. Kwaya ilikuwa inaimba sebuleni, besi inatembea sakafuni kama zamani, na bila shaka aliisikia.

"Inalia?" akauliza.

"Inalia."

Nilijua anachotaka, anataka nimwambie aje. Sikumwambia. Nikaenda mpaka kwenye kasha, nikapandisha sauti, nikaiweka simu sakafuni mbele ya koni, ili asikie vizuri kitu ambacho hana tena. Nikaenda jikoni kuosha vyombo. Niliporudi wimbo wa tatu ulikuwa unaisha, na simu ilikuwa bado hewani. Hakukata. Alisikiliza mpaka salio lake likaisha.